Amina ya Mama

3 Machi

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Hujambo? Wifi na watoto je, na mgongo wako? Mimi ni mzima kwa neema, ila kinyaa kimenishika.

Jumamosi nilikuwa saluni, kichwa nusu kimesukwa, spika ikaanza kupiga wimbo wangu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikamuuliza msusi kaununua wapi.

"Kununua? Mama, huo upo bure mtandaoni!"

Wimbo ukaisha, mwanaume akabweka: "Nyimbo moto moto, ni kwetu tu!" Msusi akacheka. Mimi sikucheka, sauti hiyo nimeilea mwenyewe.

Nilikupa kadi ya kumbukumbu yenye wimbo unitengenezee diski za kuuza. Kila nikiuliza, mashine mbovu. Mpiga kinanda, tuliyekubaliana kugawana naye mauzo, sasa ananipita kanisani kama hanijui. Mwizi wa kuku huficha manyoya; wewe umeyavaa kichwani.

Dada yako

21 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mgongo unavuta kidogo. Mbona umewaka hivyo? Neno la Mungu haliuzwi, wewe mwenyewe husema. Nimekueneza! Wanakusikia hadi ng'ambo. Vijisenti ninavyopata kwa matangazo ni vya bando tu. Diski siku hizi nani ananunua?

Hata nimekusafishia wimbo. Mwishoni kulikuwa na bibi fulani anakwaruza nyuma yako, nikamkata, nikaweka tangazo. Usininunie.

Mdogo wako

23 Machi

Mdogo wangu,

Amani iwe kwako, na mgongo Mungu aupoze.

Bibi fulani huyo ni mama. Tulirekodi chumbani kwake, magodoro tumeegemeza ukutani, yeye kitandani hana nguvu hata ya kushika kikombe. Nilipomaliza akasema, "Amina, mwanangu." Wiki ileile tukamzika. Sauti yake ya mwisho usingeijua. Ulisema huwezi kuja, kibanda chako cha nyimbo hakina mtu wa kukiangalia.

Neno la Mungu haliuzwi? Mbona wewe umeliuza, ukabandika na tangazo juu ya mama? Vijisenti hivyo mpelekee mpiga kinanda mkononi. Watoto wake hawashibi sifa za ng'ambo. Na wimbo uuondoe.

Mimi nauliza moja tu. Kwenye kadi niliyokupa, mama bado yumo, au umemfuta?

Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako