Sifuri za Baba Mapendo

Jumatatu, 1 Septemba

Swali ni lile lile, linanisumbua tangu chuoni. Mgonjwa akipasuliwa kwa tundu dogo, akarudi nyumbani siku ya tatu akitembea kwa miguu yake, je, amepona, au ameondoka tu machoni petu? Mwezi huu huenda nikalijibu. Nina furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu.

Daftari lina watu kumi na mmoja. Kumi wa hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mmoja wa mjini Mbarara. Wote walitolewa mawe ya figo kwa njia mpya: tundu moja mgongoni, halizidi upana wa kidole, kamera inaingia, jiwe linavunjwa huko huko ndani. Mimi muuguzi wa ufuatiliaji nawatembelea na kujaza safu nne. Homa. Damu. Maumivu. Mengineyo. Wawili wamehama makazi, simu zao hazipatikani.

Leo nimepita kwa watatu. Wote wazima. Baba Mapendo alikuwa shambani, anaandaa matuta ya maharagwe. Hakuliacha jembe. "Dada, niko muzima, andika tu." Nimeandika sifuri nne.

Tarehe kumi na saba nitasoma matokeo mbele ya madaktari wa wodi, hospitalini Mbarara. Sijawahi kusimama pale kusema jambo langu mwenyewe.

Jumatano, 3 Septemba

Mbarara. Hajati Zaituni, muuza vitenge wa Nyamitanga, ndiye yule mgonjwa mmoja wa mjini. Ananiita musawo, yaani tabibu, na amenijazia ukurasa mzima.

"Musawo, andika! Jana imeuma mara tatu. Usiandike 'kidogo', andika tatu. Na usiku ikawasha. Kuwasha uliandika?"

Niliandika kuwasha. Kisha daktari bingwa, ndiye aliyewapasua wote, akampima. Kidonda kimefunga, mkojo safi, figo kwenye picha inapendeza. Anasema hajaona aliyepona vizuri kuliko huyu.

Kwenye daftari ndiye mwenye hali mbaya kuliko wote. Nimecheka peke yangu kwenye korido. Halafu nikaacha kucheka. Nimeshawishika kumwondoa kwenye hesabu, kwa kuwa anaharibu picha. Sijamwondoa. Sina hakika kama ni uadilifu au ni woga wa kuulizwa.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Baba Mapendo ametoa ushuhuda tena, mara ya tatu tangu Julai. Alikuja na kichupa chenye vipande vya jiwe lake. Kikapitishwa benchi kwa benchi. Watoto walikitikisa wasikie mlio. "Madaktari balikuwa na vyuma," alisema, "lakini mikono yao nani aliishika?" Kanisa likalipuka. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilijivunia njia hii mpya kana kwamba niliibuni mimi.

Jambo dogo. Aliketi upande, akiegemea paja la kulia. Alitoka nje mara mbili wakati wa mahubiri.

Wazee hutoka. Sitaki kuona ugonjwa kila mahali.

Jumatatu, 8 Septemba

Sikulala vizuri kwa ajili ya lile benchi. Asubuhi nimefungua faili lake. Mstari wa mwisho wa barua ya kuruhusiwa, tarehe ya Juni: mrija umeachwa ndani, uondolewe baada ya wiki nne.

Hakuna alama popote kwamba uliondolewa.

Najua mrija huo. Plastiki laini, mwembamba kama uzi wa kiatu, unatoka kwenye figo hadi kwenye kibofu ili mkojo upite wakati uvimbe unapungua. Una kazi ya mwezi mmoja. Ukiachwa, unaota chokaa kama birika la chai. Unaziba. Figo inakufa polepole, bila kelele.

Wengine wa hapa waliowekewa waliitwa kliniki, wakaenda. Yeye hakwenda. Nami nimemtembelea mara sita tangu wakati huo. Safu zangu ni nne. Hakuna safu ya mrija. Nilizibuni mwenyewe na niliziona nzuri.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda kwake. Nimemweleza kwa mchoro. Alisikiliza kwa adabu zote, akanikaribisha chai, akakataa.

"Dada, nilisimama mbele ya batu bote. Mara tatu. Nikirudia hospitali sasa, batasema Mungu alifanya nusu."

Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Nikamwuliza tena. Akatazama pembeni. "Uliniuliza tangu mwezi wa saba nikakuambia niko muzima. Na kanisani ulipiga makofi mingi kuliko bote."

Alisema kwa utani. Utani huo umenichoma.

Nimeanza kuelewa, na uelewa wenyewe unanisisimua kuliko yale matokeo niliyoyatamani. Hapa mtu hapimwi kupona hospitalini. Anapimwa pale mbele, kipaza sauti mkononi. Akishasema, amesema. Maumivu yanayokuja baadaye hayana mahali pa kukaa. Na mimi nimekuwa nikiwatembelea watu walioshasema, nikiandika sifuri.

Au nimekuza jambo la mtu mmoja mkaidi. Inawezekana pia.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Mapendo amekuja kituoni, eti anaomba chandarua. Chandarua anacho. Akaketi mpaka watu wakapungua, kisha akasema upesi, macho chini. Vitambaa vya mumewe anavifua mwenyewe kabla majirani hawajatoka kuteka maji. Vina damu. Jumamosi iliyopita mumewe alitetemeka hata blanketi mbili hazikutosha, na kesho yake akaenda kushuhudia.

Homa, damu, maumivu. Safu tatu kati ya nne. Nilikuwa nimeandika sifuri nne.

Nilitaka kupiga simu, gari lije limchukue. Akanishika mkono. "Ukileta gari la wagonjwa, atajificha ku shamba." Akafikiri. "Lakini hajamushukuru ule daktari. Ile inamukula. Kwetu mutu akikuponyesha, unamupelekea kitu kwa mikono yako. Hajapeleka."

Nikamwelewa: aende kushukuru, na akishafika daktari amwangalie.

Nimempa vidonge vya kupambana na maambukizi ampelekee. Ameahidi kwamba mumewe atavimeza. Nimempigia daktari. Atampokea Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi. Homa ikirudi kabla ya hapo, gari litakuja hata kama atanichukia maisha yake yote. Nina hofu tangu mchana, lakini si hofu tupu.

Jumapili, 14 Septemba

Kulipofika kipindi cha maombi, alisimama Mama Mapendo, si mumewe. Aliomba kanisa liombee safari: Baba Mapendo anaenda Mbarara kumshukuru daktari, anampelekea jogoo. Hakutaja ugonjwa. Hapa msafiri yeyote huombewa, hata anayekwenda kununua chumvi sokoni Kaberebere. Mchungaji akamwombea na jogoo pia, asiwike wodini. Watu wakacheka hadi machozi.

Baba Mapendo alinisubiri nje. Nilidhani atanikaripia.

"Dada, daktari akisema aniangalie kidogo, nitamukatalia? Mugeni hakatai kitu."

"Hakatai, Baba."

"Ehe," akasema.

Anajua. Najua kwamba anajua. Nimehakikisha hilo kwanza. Kama angekuwa hajui, ningekuwa mdanganyifu. Hivi sijui mimi ni nini.

Homa haijarudi.

Jumatano, 17 Septemba

Siku gani hii. Nina furaha, lakini niandike kwa mpangilio.

Langoni, askari alimzuia jogoo. "Mzee, huyu naye ni mugonjwa? Iko na kadi?" Baba Mapendo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Hakuona utani. Alieleza kwa kirefu kwamba ni zawadi ya daktari. Tukawa tumekwama, ndipo Hajati Zaituni, aliyekuja kulalamika kama kawaida yake, akamnyang'anya jogoo, akamfunga kwenye pindo la kitenge na kuketi naye chini ya dirisha la kliniki. Askari akatupisha.

Nikaenda kupanga foleni. Niliporudi walikuwa benchi moja, mgongo kwangu.

"Mimi nilikuwa nayo hiyo mupira ya mkojo," Hajati alikuwa akisema, hakujali nani anasikia. "Kutoa ni dakika mbili. Inachoma! Wasikudanganye. Halafu siku moja unakojoa kama chai ya rangi. Halafu inaisha. Wewe inakuuma wapi?"

Nikasimama.

"Huku," akasema Baba Mapendo. "Na nikikojoa, inapanda mpaka mu mugongo. Tangu mwezi wa saba, mama. Siku zingine nauma kitambaa, bibi asinisikie."

"Toka mwezi wa saba! Wewe ni mwanaume ama ni jiwe?"

Akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu Juni nimemsikia akicheka bila watu kumtazama.

Miezi miwili nimemwuliza kwa daftari, kwa mchoro, kwa heshima. Hakuniambia. Dakika kumi na mama asiyemjua, Mwislamu wa Nyamitanga, asiyewahi kuuona ushuhuda wake na asiyehitaji kuuona, akamwaga yote.

Ndani, dawa ya ganzi tu, si nusukaputi. Niliruhusiwa kusimama kando ya skrini. Kibofu kikatokea, waridi, kina mishipa kama ramani ya mito. Kisha ncha ya mrija, imejikunja, imevaa ganda jeupe. Daktari akasogeza uso karibu na skrini. Nilijua anachokifikiria: ganda likiwa nene juu kule kwenye figo, mrija hautoki, na ukivutwa kwa nguvu unakatika. Picha ya eksirei ilionyesha kidogo tu, lakini picha huonyesha inachotaka. Akaushika kwa koleo. Akavuta. Haukuja. Akasubiri, akauzungusha kidogo. Baba Mapendo alikuwa akinong'ona zaburi kwa Kimashi, lugha ya kwao Kongo. Akavuta tena.

Ukaja. Wote. Polepole, kama uzi unaotoka kwenye pindo, na chokaa ncha zote mbili. Nilisema "Ee!" kwa sauti, daktari akanigeukia, sikuona haya.

Figo yake imevimba kiasi lakini iko hai. Atarudi kupimwa. Jogoo alikabidhiwa kwa mikono miwili, na daktari akampokea kwa mikono miwili.

Alasiri nikasimama mbele ya wodi. Nilikuwa nimeandika sentensi nzuri kuhusu wagonjwa wanane wasio na tatizo lolote. Nikazisoma, kisha nikasema siziamini. Nikaeleza kwa nini. Daktari bingwa akauliza, "Kwa hiyo njia hii ni salama au si salama?" Nikasema nimejifunza kwamba mwenye matatizo mengi kwenye daftari langu ndiye mzima, na mwenye sifuri alikuwa anapoteza figo. Zaidi ya hapo sijui. Walianza kuuliza maswali wote kwa pamoja. Niliyapenda yote.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Kanisa nusu tupu.

Baba Mapendo hakushuhudia. Alikaa wima, hakutoka nje hata mara moja. Mama Mapendo alinipitishia kichupa. Vipande ni vile vile. Mrija hawakuuweka humo.

Nimerudi nyumbani, nimechora safu ya tano. Nimechukua kifutio nikafuta sifuri, zake na za wale saba wengine wa hapa. Sikuandika kitu mahali pake.

Najua wangapi waliwekewa mrija, na sasa nimehakikisha waliobaki hapa wametolewa. Hilo limekwisha. Lakini kama wanaumwa sijui, na sioni nitakavyojua. Wote saba walishuhudia. Wote nawasalimu kila Jumapili. Nikibadilisha maswali, mwulizaji bado ni mimi niliyepiga makofi. Akija mwingine kuuliza, pengine watamwambia ukweli, pengine watamwambia anachopenda kusikia, kama walivyoniambia mimi. Hata Baba Mapendo: sijui kama benchi lile lilimfungua mdomo kwa sababu ya Hajati, au kwa sababu alishafika na hapakuwa tena na la kuficha. Mtu mmoja hanitoshi kusema.

Na wale wawili waliohama. Mmoja, faili lake lina mstari ule ule wa mwisho, wa mrija. Nimepiga namba yake leo mara nne. Inaita sasa, haikuwa ikiita zamani. Hakuna anayepokea.