Cherehani Ilale Dukani?

Mama Adèle mpendwa,

Salamu kwanza, halafu naomba unishike mkono kabla sijafanya jambo la kujutia, maana nina shaka na mtu na shaka hiyo inanila.

Mimi ni Asumani, fundi cherehani, mtoto wa hapa hapa Kisangani, na tangu kabla ya uhuru nashona kwenye baraza la duka moja la vitambaa karibu na soko, duka lililokuwa la mzungu, na mzungu alipokimbia mwaka ule wa waasi wa Simba akamwachia funguo karani wake, Papa Timothée, mtu wa Maniema, ambaye leo ndiye mwenye duka, au ndivyo anavyosema. Desturi yetu unaijua: mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nje, sisi mafundi wanne tunampima, tunashona, tunachukua chetu, na jioni kila mtu anabeba cherehani yake begani mpaka nyumbani, iwe mvua iwe jua, na kwa kubeba hivyo yangu ipo mpaka leo. Nassoro, wa tano wetu wakati ule, siku ya risasi za kwanza mwaka ule ule aliiacha yake ndani kwa kuogopa mvua, tuliporudi duka limezolewa na cherehani hakuna, Papa Timothée akasema ni Simba, wengine wakasema ni askari, mimi sikumwona mwizi, lakini kufuli niliiona chini, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, na tangu siku ile Nassoro anasukuma mizigo bandarini, yeye aliyekuwa anakata suti kuliko sisi wote.

Sasa majuzi Papa Timothée ameniita ndani akanipa chai yenye sukari, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, na chai ile ikaanza kunitia wasiwasi kabla hajafungua kinywa.

"Asumani," akasema, "miye siuzishe tena bitambaa. Jora inakaa mu étagère, inangojea bezi baje kuiba. Shati ya kushona, yee inatoka asubuhi na camion ya Banalia, ao na bateau ya Basoko. Donc munaingia ndani, munashonea duka, kila shati iko na feza yenu. Ila machine zitalala humu. Inje iko mbaya, unajua mwenyewe."

"Na benzangu?"

"Bon, weye kwanza. Usibaambie bado."

Mama, usinicheke, nilijaribu, nikaiacha cherehani kule dukani, nikamdanganya mke wangu kwamba inatengenezwa, ila nikachomoa kile kidude cha chini kinachobeba uzi nikakitia mfukoni ili mtu asiweze kuitumia, na asubuhi ya pili nikaikuta imefutwa vumbi, imepakwa mafuta, inang'aa. Nani anapaka mafuta cherehani ya mtu mwingine? Mimi nikiona kitu kinasafishwa hivyo najua kinaenda kuuzwa. Siku hiyo hiyo mke wangu, jina lake Sikujua, akafua suruali yangu akakuta kidude mfukoni.

"Papa Zuberi," akaniuliza, maana huniita kwa jina la mwanetu wa kwanza, "hii iko hapa, na machine iko wapi?" Nikamweleza yote. Akasema, "Ikilala kule tena, na weye utalala kule."

Nikaenda kuichukua. Jumatatu Papa Timothée anataka jibu, nami sina, kwa sababu mtu aliyeuza vitambaa miaka yote haachi ghafla bila kuwa na lake moyoni, tena sasa hivi ambapo mimi sina shida, maana wateja wanatoa maliputa yao, yaani vitenge vya akiba, masandukuni wanakuja nayo moja kwa moja barazani, kazi inanijaa mpaka magotini, yeye ndani anafukuza nzi. Nina watoto watano na hii cherehani tu. Ana mpango gani na mimi?

Asumani

*

Asumani,

Unaniuliza kwa nini mfanyabiashara aache njia aliyoizoea, na jibu umeliandika mwenyewe mwishoni, kisha ukalipita kama hulioni. Anafukuza nzi! Wateja wake wanapita mlangoni pake wakija kukaa mbele ya magoti yako. Meli zinaleta majora machache, na akiyaweka kwenye rafu hajui siku gani mlango utavunjwa tena. Mwenye duka habadilishi biashara kwa sababu ameota ndoto nzuri. Anabadilisha akibanwa, na huyu amebanwa kila upande. Akibaki alivyo, atafunga.

Na nikuambie usichotaka kusikia: wazo lake ni zuri. Watu wa Banalia lori likifika wanavaa, wa Basoko meli ikifika wanavaa, na shati likishauzwa halina tena cha kuogopa. Mwanamume mmoja anaweza kuwa na wazo zuri na mkono mrefu pia. Kwa hiyo usilikatae wazo kwa sababu humwamini mtu, wala usimwamini mtu kwa sababu wazo lake limekupendeza.

Ile kufuli nzima siipendi hata kidogo. Mafuta yale sijui yalipakwa kwa nini. Labda anatunza chombo atakachokitegemea, labda alimleta mtu aje aitazame. Wewe hujui, mimi sijui. Lakini wewe, baba wa watoto watano, unaiacha riziki yao ndani ya mlango ule ule uliommeza Nassoro, halafu unatembea na kidude mfukoni ukidhani umemweza mwizi? Kidude kingine kitapatikana. Cherehani nyingine utaipata wapi mwaka huu? Na mkeo unamdanganya ili iweje? Naona ndiye mwenye akili humo ndani, nawe una bahati kwamba anafua.

Kibaya kuliko vyote ni ile "usibaambie bado," nawe ukanyamaza. Mtu mwenye neno safi angewaita nyote wanne kwenye chai. Alikuita peke yako kwa sababu wanne hawadanganyiki kwa sukari. Nenda leo, kabla hujala, kawaambie wenzako kila kitu. Kisha mfuate Nassoro bandarini umwambie na yeye.

Jumatatu ingieni wote pamoja, Nassoro akiwemo. Mwambieni kazi mnaikubali. Mwambieni Nassoro ndiye atakayekata, kwa sababu kukata kunataka mkasi na jicho, na hivyo hawakumwibia. Na mwambieni desturi ya baraza inaingia nanyi ndani: cherehani zinakuja asubuhi na zinaondoka jioni. Asitoe sababu ya usalama. Mwaka ule zilizosalimika ni zile zilizolala kwenu.

Jumatatu hiyo, kwa kumjaribu, wewe peke yako ndiye uingie na cherehani. Wenzako waache zao nyumbani. Shona mpaka jioni, kisha ibebe begani mbele ya macho yake, wenzako wakiwa wamesimama nje barazani, na uende mlangoni. Usiseme kitu. Akikupisha, alikuwa anataka mikono yako, na Jumanne wote mfanye naye kazi. Akikuzuia, piga kelele, na wenzako waingie wakutoe, wewe na chombo chako. Halafu Nassoro amwulize hapo hapo, mbele ya soko zima, ile kufuli aliifungua nani.

Mama Adèle