Wino Mwepesi wa Mwaka Mpya

Yoshino, Nara,
17 Januari 1964.

Mpendwa mdogo wangu Mio,

Kaa chini kwanza, maana bahati ya kaka yako ikikukuta umesimama utaanguka. Baba amenikabidhi jiwe lake la kusugulia wino. Ndiyo, lile lile alilorithi kwa babu, ambalo mimi na wewe tulichapwa kwa kuligusa tu. Amenipa mbele ya wanafunzi wake wote wa mwandiko, akasema mkono wangu umeiva. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita, ninayeuza brashi za kuandikia toka Osaka hadi Kobe na kutaniana na mabaharia wa kila taifa! Siku hizi nikipita sokoni watu wananiinamia mpaka naona haya. Kidogo.

Haya, niambie, u mzima? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wameshaota meno ya kumng'ata mjomba? Nasikia huko Brazili sasa hivi ni joto la kukaanga yai juu ya bati. Huku theluji imefika magotini, na mke wangu Yasuno ananilaumu mimi kana kwamba ndimi ninayeimwaga. Sisi tunapumua, ila kuna jambo.

Utaona nimekuandikia kwa wino mzito. Nimesugua mche wa wino juu ya jiwe hadi kiwiko kikalia, kwa makusudi, ili ukifungua bahasha moyo usiruke. Si unakumbuka wino mwepesi ni wa matanga: mfiwa hana nafasi ya kusugua, na machozi yakidondokea jiweni wino unapauka. Mimi nililisahau hilo mwezi wa kumi na moja. Jirani yetu Mama Kuwabara alikuwa anamwoza binti yake, nikaandika bahasha ya pongezi mbio mbio, wino maji matupu. Akanirudia mlangoni ameishika kwa ncha za vidole.

"Kunihei, mwanangu anaolewa au anazikwa?"

"Anaolewa, mama. Mkono ulikuwa na haraka."

"Basi siku nyingine mkono uuache nyumbani, uje na akili."

Mtaa mzima ulicheka. Baba hakucheka. Tangu siku ile akanikataza kumsugulia wino, akawa anasugua mwenyewe. Lishike neno hilo, maana ndilo linaloninyima usingizi.

Tarehe mbili tulikusanyika kama kawaida kwa andiko la kwanza la mwaka. Wanafunzi wamepiga magoti, karatasi imetandikwa, Baba anasugua. Nilikuwa nasikiliza ile sauti ya mche juu ya jiwe, kama tulivyokuwa tukiihesabu utotoni tukingoja kuruhusiwa kula. Ilikoma mapema mno. Nikadhani anapumzika. Akachovya brashi.

Aliandika jina lako. Ile herufi moja, njia ya maji wanayopita wenye mashua, mistari kumi na sita. Ikatoka ya kijivu, Mio. Kijivu cha bahasha ya rambirambi.

Wewe huhitaji kufundishwa, ndiwe uliyekuwa na mkono katika nyumba hii. Mtu akisema uongo kwa mdomo anaweza kuurekebisha kesho; kwa brashi hawezi. Ukisita, karatasi inakunywa doa. Ukikimbia, katikati ya mstari panabaki weupe. Na ukirudi kuupitia mara ya pili, hata asiyejua kusoma ataona umeghushi. Ndiyo maana mimi kazi hii ilinishinda. Basi yaliyokuwa ndani ya Baba yalilala pale juu ya karatasi, kila mtu akayaona. Mistari ya kwanza ilisimama wima kama yeye enzi zake. Ya katikati ilianza kutafuta njia kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Wa kumi na tano ulilala chali. Wa kumi na sita hakuuandika. Aliweka brashi chini, akaifunika kwa kiganja.

Kisha Sakaki, yule mwanafunzi wake mkubwa asiyejua kunong'ona, akanong'ona, "Mwalimu amemzika binti yake."

Walipoondoka nilimkalia mbele. "Baba, umemwandikia Mio matanga?"

"Mpumbavu wewe. Huo ndio wino niliokuwa na nguvu ya kuusugua."

"Na mstari wa mwisho je?"

Akautazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. "Uulize huu."

Baadaye, chai ikiwa imeshapoa, akauliza yeye, "Lile duara aliliona?"

Sikumwelewa. Kumbe alikuwa anasema ile barua yako ya kuaga, miaka saba iliyopita, aliyoisahihisha yote kwa wino mwekundu kama ya mwanafunzi, akakurudishia, nawe ukaapa hutamwandikia tena mpaka kaburini. Mio, anasema chini kabisa, kwenye jina lako, alitia duara jekundu. Duara, alama ya sifa! Mimi katika miaka yangu yote hajanitilia hata nusu yake. Mpaka leo mzee anaamini alikusifu, na anashangaa mbona hukujibu.

Daktari alikuja. Nilimuuliza kama Baba atayaona maua ya cheri ya Aprili. Akafunua kalenda ukutani hadi mwezi wa nne, akaiangalia, akairudisha hadi wa tatu, akavaa viatu.

Juzi, tarehe kumi na tano, tulichoma maandiko ya mwaka mpya penye uwanja wa hekalu. Baba aliamuru lake nalo liende. Karatasi za watoto zilipaa juu kuliko paa, wakashangilia, maana karatasi ikipaa mwandiko hunyooka. La Baba halikupaa. Liliteleza chini ya moto, likatambaa juu ya theluji hadi miguuni pangu, limeungua ukingo tu. Wazee waliacha kutafuna mikate yao ya mchele. Nililikanyaga kuuzima moto, nikalitia kifuani, na nikaondoka bila kuaga.

Limo ndani ya bahasha hii. Usiujazie huko ule mstari uliobaki. Uje uuandike hapa, mbele yake, kwa wino atakaouona. Meli hula siku arobaini na ushee, hesabu mwenyewe.

Yasuno anakusalimu sana. Shangazi Toyono anakusalimu, na anasema uje na kahawa. Hata Sakaki anakusalimu, baada ya mimi kumsemesha vizuri nyuma ya ghala. Bahari ikulaze kitandani kama mtoto, na upepo uwe nyuma yako.

Wako akupendaye daima,
Kaka yako Kunihei.

Nyongeza: Unajua barua ya msiba haiongezwi neno chini ya jina, msiba usije ukajirudia. Basi mimi naongeza, ili ujue bado hatujafika huko. Lile jiwe la wino Baba hakunipa. Nililiomba, akasema lina mwenyewe, akalifunga kwa kitambaa chako cha kichwa ulichokisahau. Bahati niliyojisifia ni uongo.