Ndoo Zako, Baba, na Dalili ya Dalia

Mwaka mmoja umetimia sasa, Baba, tangu ushuke ngazi za nyumba hii na usizipande tena. Wapita njia bado huinua macho kwenye roshani yetu kwa mazoea. Leo tunataka wajue walikuwa wakimtazama nani.

Ulikuwa fundi rangi, na fundi kwelikweli. Ndoo zilizobaki kazini hukuzitupa. Ulizitoboa kwa msumari wa moto, ukaweka kokoto chini na udongo juu, ukapanda maua ya dalia. "Ndoo isiyo na tundu ni kaburi," ulituambia. Miche ikirefuka, uliiegemeza kwenye mipini ya brashi zilizonyonyoka, ukaifunga kwa vitambaa vya mashati yako ya kazi, yenye madoa ya rangi za sebule za watu.

Siku moja fundi viatu wa chini alipanda juu amefura.

"Mzee, maji yako yanawanyeshea wateja wangu!"

"Wanaoga bure, na bado unalalamika?"

Alicheka mpaka ugomvi ukamtoka. Sasa naye ana ndoo zake mlangoni, na mbegu ni yako.

Kiazi cha dalia kikishafukiwa, ulikataza maji mpaka kichipue. Kila asubuhi uliinama juu ya ndoo, kisha ukatutangazia mezani: "Hakuna dalili ya dalia." Tulijifanya tumeuchoka utani huo. Hatukuwahi kuuchoka.

Ukatutoka, viazi ulivyovihifadhi kwa msimu uliofuata vikiwa bado kwenye boksi la maranda, chini ya kitanda. Mama akavipanda. Lakini mkeo unamjua, hajui kupenda bila kulisha. Alimwagilia asubuhi, akamwagilia jioni.

"Mama, utavizamisha!" dada mkubwa alimwambia.

"Niacheni. Mikono hii ikikaa bure, nitalia."

Vikaoza, ndoo baada ya ndoo. Ikabaki moja tu, ile ya nyuma ya mlango ambayo aliisahau. Tuliogopa, Baba. Tuliona kama tunakuzika mara ya pili.

Mama akalificha kopo la maji yeye mwenyewe, asijiamini. Akawa anakaa karibu na ndoo ile, mikono mapajani, akisubiri. Asubuhi moja tukiwa mezani, tukamsikia akipiga kelele kutoka roshanini: "Dalili ipo!" Tuliacha chai ikapoa.

Na aliyekata ncha ni yeye. Sisi tulisita: mche umebaki mmoja, unaukataje kichwa? Akaubana kwa kucha, akarudia maneno yako: "Nisamehe mwanangu, nakupunguza uongezeke." Mche ukatoa matawi, matawi yakatoa maua mekundu makubwa kama sahani. Fundi viatu alisimamisha wateja wake barabarani, akiwaonyesha kana kwamba amepanda yeye. Tulikujivunia wewe, Baba, na tulimjivunia Mama, mwanafunzi wako.

Wanaokukumbuka ni mkeo, binti yako mkubwa, kitinda mimba wako, wajukuu wako, mafundi rangi wenzako, na fundi viatu wa chini, aliyesema asipotajwa atapanda tena juu kugomba.

Hatutakusahau kamwe. Wiki hii Mama amekichimbua kile kiazi kimoja, akakuta kimezaa kichane kizima cha viazi. Amevigawa, kila kimoja na jicho lake. Ndoo zako zote zina mtu tena, Baba, na maji bado hatujazipa.