Jibu Liko Mdomoni mwa Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa maana nimejiingiza pabaya. Mimi ni fundi cherehani na binti yangu yuko darasa la kwanza, na kila jioni tunakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa tunafanya yale mahesabu ya namba iliyokosekana, mbili, nne, nafasi, nane, sasa yeye anaangalia ile nafasi, halafu ananiangalia mimi, na roho yangu haiuwezi ule ukimya, nachezesha midomo kidogo tu, sita, naye anaandika sita, anapata vema, na hivyo hivyo hadi mwalimu amemchagua kushindana ubaoni Ijumaa hiyo mbele ya wazazi wote, mama mkwe ameshatangaza mtaa mzima, na juzi nilipofumba mdomo ili ajaribu mwenyewe akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, usiposema mimi nitajuaje?" Mwalimu siwezi kumwambia, nitauweka wapi uso wangu? Naomba ushauri: siku hiyo nikae mstari wa mbele, au hata wa pili ataniona vizuri?

Fundi Mwenye Wasiwasi

JIBU

Pole, fundi. Swali lako nimelisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana kasoro. Mwanao anakwenda kuaibika mbele ya watu, na wewe unatafuta kiti?

Huyo mtoto si mjinga hata kidogo. Ameshagundua kwamba ukinyamaza vya kutosha, mwenzako atashindwa kuvumilia. Wengine tuliligundua hilo tukiwa tumeshaolewa.

Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu umweleze ukweli, aamue yeye. Mama mkwe mwachie mtaa wake. Jioni chukua shati la vifungo saba, shona vitatu, muulize binti bado vingapi. Kisha bana pini mdomoni kama ufanyavyo kazini, uendelee na kazi yako. Akisema vitano, mpe vitano avipange mwenyewe. Kimoja kitambakia mkononi, na ataona. Wewe usimsaidie kuona.

Ijumaa, kama bado atasimama ubaoni, kaa nje. Atageuka kukutafuta, atakukosa, na itamuuma. Wewe itakuuma zaidi, vumilia. Akikosea, mtarudi nyumbani pamoja na mtakula kama kawaida. Akipatia, mkumbatie. Ila usije ukamwambia ulijua tangu mwanzo kwamba ataweza, maana hukujua.