Nilimwacha Winfrida msituni

Esther, uko wapi? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Leo jua limetuchosha, si unajua joto la huku kabla ya mvua. Mimi, Winfrida na Fabian wa ofisini tukaenda kutafuta kivuli kwenye ule msitu wa Simbo. Tunatembea, tunacheka. Winfrida na mimba yake ya miezi saba kanishika mkono, maana majani makavu yanateleza.

Nyoka akakatiza mbele yetu. Mrefu, mweusi, akasimama na kuinua kichwa.

Esther, nilichomoa mkono nikakimbia.

Nilichomoa mkono. Yeye ameung'ang'ania, mimi nikauchomoa kwa nguvu. Sikugeuka mpaka nilipofika kwenye mashamba ya mihogo ya watu.

Fabian ndiye aliyebaki naye. Anasema walisimama kimya mpaka nyoka akaingia vichakani. Walipotokea, Winfrida alikuwa anatembea taratibu, ameshika tumbo. Nikamuuliza, "Umeumia?" Akasema, "Hapana."

Njia nzima alimshika Fabian mkono.

Tulipomfikisha kwake Buzebazeba nikamwambia, "Nisamehe, niliogopa." Akanijibu kwa upole kabisa, "Hata mimi niliogopa, Selina."

Na unajua mume wake yuko safarini, mimi ndiye niliyekuwa nimpeleke kujifungua. Akiwa mlangoni akasema, "Siku ikifika nitaenda na shangazi. Wewe usijisumbue."

Nikajibu, "Sawa."

Esther, nilijibu sawa, nikaondoka.