Udongo wa Kichuguu cha Mama

Kionga, 9 Oktoba 1970

Kaka yangu Shaweji,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Mikindani? Wifi hajambo, watoto hawajambo? Huku mimi na mwanangu Tatu wazima, ila shingo zinatuuma kwa kubeba udongo.

Ndiyo, udongo. Si unakumbuka mwaka jana, kabla hujakimbia vita, maji ya kijito yalivyoshuka yakatulazia mpunga wote? Tulichimba ming'oko porini tukala mpaka midomo ikachoka. Sasa bwana wa posto, yule Mreno anayetutawala, katuambia wazi: bonde likizama tena, kijiji kizima kinahamishiwa kwenye aldeamento, ndani ya seng'enge, pembeni ya kambi ya askari. Eti tupewe chakula. Chakula gani! Anachotaka ni tusiwalishe watoto wetu wanaopigana naye msituni. Barua hii anaibeba Abdurremane, anayevuka kuuza chumvi, ndani ya gunia lake, ndiyo maana nasema nipendavyo.

Basi tumeamua kuziba kichwa cha bonde kwa tuta, maji yasimame kule juu, yakizidi yatokee pembeni kwenda mikokoni. Anayesimamia ni Chaquir, yule mchimba visima. Tulianza na udongo wa bondeni. Kikapita kimvua kimoja tu, tuta likalainika kama mkate uliotiwa chai. Chaquir anasema udongo ule ni mchanga mtupu, hapa unatakiwa wa kichuguu, ukishindiliwa haupitishi maji. Na kichuguu kikubwa kuliko vyote kiko shambani kwetu.

Unakijua. Ndipo mama alipokuwa akiweka unga na kuwataja wazee wetu waliokufa. Hakiguswi mpaka mkubwa wa tumbo letu awataje na kupiga jembe la kwanza, na mkubwa ni wewe. Naomba ruhusa yako, kaka. Fanya haraka, mvua hazitatungoja.

Mdogo wako,
Mwanawetu

Mikindani, 2 Novemba 1970

Mdogo wangu Mwanawetu,

Waaleikum salaam. Ramadhani njema. Sisi wazima, mwanangu wa mwisho kaota meno na anatung'ata sote.

Jibu langu ni hapana. Usinune kwanza, soma. Mimi sijafa, nipo hai nashona kanzu za Idi. Kichuguu cha mama nitakipiga jembe mwenyewe siku nitakayorudi, Mreno akishaondoka. Halafu nyie mnashindana na maji kwa vikapu!

Nimekuwekea chumba hapa, nimekipaka chokaa na mlango unafunga vizuri. Vuka mpaka uje na Tatu. Usiku silali nikikuwaza huko na hao askari. Ukipata mpunga hutakuja, nakujua, kichwa chako kigumu toka utotoni.

Kaka yako,
Shaweji

Kionga, 15 Novemba 1970

Kaka,

Salamu kwanza, maana nimefunzwa adabu. Hujambo? Wifi hajambo? Haya, adabu imekwisha.

Kumbe! Kumbe anayekataa si mama wala wazee, ni wewe. Unataka njaa initoe Kionga nije nikae kwenye chokaa yako. Mama aliweka unga pale akiomba watoto wake washibe, hakuwa anakipamba kichuguu. Wanawake tumefunga na tunabeba, Saquina na mimba yake yumo. Wakiniuliza udongo wa kichuguu uko wapi niwajibu nini? Kaka yangu anashona kanzu?

Nakupenda na nimekukasirikia, yote mawili. Nakungoja mpaka Idi. Baada ya hapo sikuulizi tena.

Mdogo wako,
Mwanawetu

Mikindani, 8 Desemba 1970

Mwanawetu,

Hujambo mdogo wangu? Najua Idi imepita. Abdurremane aliugua homa, nikakosa mtu wa kuvuka.

Siku barua yako ilipofika sikushona kitu. Wifi yako kanisema mpaka nikatafuta pa kujificha. Ni kweli, niliogopa, na bado naogopa. Lakini chukueni udongo. Natuma shati langu. Chaquir alivae, apige jembe la kwanza kwa niaba yangu, awataje wazee kuanzia bibi Mwanahamisi.

Kaka yako,
Shaweji

Kionga, 20 Machi 1971

Kaka yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Hali zenu? Sisi huku tumenenepa, alhamdulillahi.

Shati lilichelewa. Siku ya pili ya Idi nilibeba unga nikaenda mwenyewe. Nikawataja wote, kuanzia bibi, halafu jembe la kwanza nikalipiga mimi. Wazee wa kiume wakaguna. Chaquir akanitazama weee, akashika jembe akapiga la pili. Tuta tulilishindilia kwa michi ya vinu, kila mwanamke na wa kwake.

Februari mvua ilinyesha tukalala na mbuzi ndani. Maji yakapanda mpaka karibu na mgongo wa tuta. Tulisimama pale kijiji kizima, tumelowa, mpaka yakageuka pembeni na kuelekea mikokoni. Wallahi nililia. Sasa mpunga unanifika kiunoni.

Juzi kaja bwana wa posto na askari na malori mawili ya kutuhamisha. Katazama bonde, katazama tuta, kalipiga teke. Akauliza, mwenye mahali hapa ni nani? Chaquir akanitazama. Saquina akanitazama. Wale wazee walioguna, wote, wakanitazama. Nikasema, ni mimi, senhor. Akazunguka zunguka, akachukua majogoo yetu, na kwa kuwa bonde halikuzama, malori yakarudi matupu. Najua atakuja na sababu nyingine. Aje, atatukuta.

Usikasirike, kaka. Nilijibu nilivyoulizwa.

Mdogo wako,
Mwanawetu

Mikindani, 11 Aprili 1971

Kwa Mwanawetu, mwenye mahali,

Salamu nyingi za heshima. Sisi ni wazima.

Nilipoisoma barua yako nilicheka, halafu nikaenda uani nikalia, wifi yako shahidi. Hukuningoja, na umefanya vyema.

Tunataka kurudi, mimi, wifi yako na watoto. Si kesho, njia ikishakuwa salama. Nilikuwa nikijiambia kwamba nikifika nitachagua mwenyewe pa kujenga, mimi si ndiye mkubwa. Sasa naona haya hata kuyaandika hayo. Naomba unipe kiwanja, popote utakapoona panafaa. Kama hapana nafasi, niambie tu. Sitanuna.

Kaka yako,
Shaweji